Mshono Tu

Zizini, tarehe 3 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo kwa sababu Mama ataisoma barua hii. Isingekuwa yeye ningeanza moja kwa moja.

Umezifanya nini buti zangu?

Nilipokuja likizo nilikuachia buti za kupandia farasi zenye tatizo moja. Mshono wa nyuma, juu ya kisigino cha kulia, ulikuwa umeachia. Nilikuonyesha kwa kidole. Nikasema, "Mshono tu, Kaka. Mpelekee yule fundi viatu jirani wa kibanda chako cha matairi, asiguse kitu kingine." Ukasema, "Ondoa shaka." Leo nimekwenda stendi kuchukua kifurushi, nikakifungua palepale kwa furaha, nikatoa buti zenye soli ya tairi. Tairi la pikipiki, Kaka! Lenye meno! Mpakiaji mizigo akaniuliza naenda kulima wapi.

Unajua nilivyozihangaikia buti hizi. Wewe ndiye uliyeniita Korongo kwa ajili ya miguu yangu, basi kumbuka kwamba kila buti niliyojaribu dukani ilinipwaya kwenye shavu la mguu. Buti ya farasi ikipwaya pale inajikunja na kukuchuna ngozi mpaka damu. Nilikuwa nakwenda kujaribu jioni, baada ya kazi, miguu ikiwa imevimba, maana buti inayokuingia vizuri asubuhi, jioni huivui. Muuzaji alifika mahali akiniona mlangoni anageukia rafu. Hatimaye nikapata hizi. Zilikuwa ndefu mno, zikinikata nyuma ya goti, na nilizichukua hivyohivyo kwa sababu ngozi mpya hushuka yenyewe kwenye kifundo. Nikatembea nazo chumbani magoti yakiwa hayakunjiki mpaka zikashuka, zikakaa.

Kila nikitoka kazini nazifuta jasho la farasi kwa kitambaa chenye maji kidogo. Nazipaka mafuta ya ngozi. Nazijaza magazeti ili zisilale shingo. Sijawahi kuzianika juani wala kuzisogeza karibu na moto. Na wewe umezipika! Usibishe. Naiona ngozi ya pembeni ilivyokakamaa. Umezibana kwenye ile mashine yako ya moto ya kubandikia viraka.

Mwisho wa mwezi kuna majaribio. Bosi anachagua mtu mmoja wa kufundisha wanafunzi wapya kupanda, nami nimechoka kuzoa mavi. Tumebaki wawili, mimi na Mjivuni, ambaye ana buti za kila rangi. Sheria ya hapa iko wazi: kama buti yako haina soli laini, hupandi farasi. Kwa hiyo hongera, umenishusha kwa mkono wako mwenyewe.

Usinipigie simu. Kwenye simu unaanza kucheka.

Mdogo wako


Kibandani, tarehe 7 Juni

Korongo,

Marahaba. Nimeipokea, ingawa ilikuwa ya Mama.

Sasa nisikilize na mimi. Natengeneza matairi tangu wewe hujaota meno ya pili. Kinachoua watu barabarani nakijua, ni kipara. Kila siku anakuja dereva hapa na tairi limeisha mpaka linang'aa, namwambia, ndugu yangu, utakufa, naye ananiambia litafika tu. Wengine hawafiki. Nilipozigeuza buti zako nikaona chini hakuna hata mstari mmoja. Laini kama sahani! Nikamwambia Mama, huyu mtoto anatembea juu ya ajali.

Na si wewe uliyevunjika mtulinga mwaka jana? Si wewe uliyetuandikia, "Msiwe na wasiwasi, niliteleza bafuni, sakafu ilikuwa na sabuni"? Mama aliiacha sahani yake mezani siku ile. Mimi nilijiapia moyoni kwamba mdogo wangu hatateleza tena nikiwa hai na nina gundi. Ndipo nikapata nafasi. Sikutumia mtumba. Nilikata tairi jipya la mvua, lenye mifereji ya kutolea maji, ambalo wateja wananililia. Nikakwaruza soli, nikapaka gundi, nikabana kwa moto taratibu. Ukikanyaga sabuni, ukikanyaga tope, ukikanyaga mafuta ya gari, hutikisiki.

Mshono umeshonwa. Umeutazama mshono? Hukuutazama. Umetazama cha kukasirikia.

Bosi wako anayetaka watu wavae kipara mwambie aje hapa nimfundishe maana ya kushika ardhi. Na wewe jifunze kusema asante, haiumi.

Kaka yako


Zizini, tarehe 11 Juni

Kaka,

Asante kwa mshono. Umeridhika?

Sasa acha habari za barabara. Buti ya farasi haiendi kushika ardhi! Inakaa kwenye kikuku. Kikuku ni kile chuma kinachoning'inia kwenye tandiko, unaingiza mbele ya mguu. Ukianguka, mguu unatakiwa utoke humo palepale, wenyewe, bila kubembelezwa. Ndiyo maana soli ni laini. Ndiyo maana kuna kisigino kifupi kilichosimama wima, ili mguu usipenye wote ukatokea upande wa pili. Wewe umenipa soli nene inayoingia kwenye chuma kwa kulazimisha, halafu ukaitia meno ya kung'ang'ania.

Unajua nini kinatokea hapo? Mtu yuko chini, mguu uko juu, na farasi anakimbia. Akihisi kitu kinaburuzika nyuma yake anazidi kuogopa, anazidi mbio. Hana breki, Kaka. Huwezi kumpigia kelele akasimama. Nimeshaburuzwa mara moja, inanitosha, sitaki mara ya pili kwa sababu ya kipande cha pikipiki.

Nimezipeleka kwa fundi viatu wa hapa. Ni mtu mzuri, banda lake liko karibu na mlango wangu. Kazigeuza, kazinusa, akaniuliza nani kafanya hivi. Nikasema ni ndugu yangu. Akanipa pole. Anasema mpira umeshikana na soli kabisa, akiuvuta utang'oka na ngozi, na nitabaki na mabomba mawili ya kuvalia. Hataki lawama.

Majaribio yanakaribia nami sina cha kuvaa. Furahi.

Mdogo wako


Kibandani, tarehe 14 Juni

Korongo,

Nimeisoma barua yako, nikairudia. Habari za chuma tutazizungumza.

"Nimeshaburuzwa mara moja." Lini?

Kaka yako


Zizini, tarehe 17 Juni

Kaka,

Mimi naandika habari za soli, wewe unaniuliza mengine.

Nimemwomba Mjivuni aniazime jozi moja. Nimemwomba, mimi! Akaitazama miguu yangu, akasema, "Utapotea humo, dada." Akanipa za kahawia. Nikavaa soksi juu ya soksi, bado zikawa zinazunguka mguuni, kisigino kinatazama huku, vidole vinatazama kule. Nilipomgusa Mapepe, farasi ninayempanda, ubavuni kwa mguu, yule jike akaelewa kinyume, akanipeleka hadi kwenye maua ya Bosi. Bosi akaniteremsha mbele ya watu wote. Kaniambia nikija tena na buti za kuazima nisije kabisa.

Sasa nimerudi kwenye koleo na toroli. Mjivuni anafanya mazoezi uwanja mzima peke yake, na akinipita anainua kofia. Nikilala naota ile kofia.

Kuhusu swali lako, lilikuwa jambo dogo la kazini. Kila anayepanda farasi huanguka. Wewe huchomwi na mashine yako? Usilikuze, na usilifikishe kwa Mama.

Mdogo wako


Nyumbani, tarehe 19 Juni

Mwanangu,

Limeshafika kwa Mama. Barua zote za nyumba hii nazifungua mimi, hilo ulilijua hata kabla hujajifunza kuandika.

Ulipokuja mwaka jana mkono umefungwa shingoni, nilifua nguo zako. Lile shati la bluu lilikuwa na mchanga mgongo mzima, na majani yaliyosagika mpaka yakaingia ndani ya nyuzi. Nikalisugua, nikawa najiuliza, bafu la huko lina majani ya nini? Nikanyamaza. Nilijua nikikuuliza utaniongopea tena, na sikutaka kukuona ukiniongopea usoni.

Jana nimemwambia kaka yako kwamba nilijua. Sasa amenikasirikia na mimi. Anakula ameligeukia dirisha. Kibandani anagonga ringi za watu kwa nyundo mpaka wateja wanamwomba apumzike. Na wewe huko najua umekunja uso, ule wa baba yenu. Mimi nimechoka kupikia watu walionuna, na wewe hata kukupikia sikupikii, nakulisha wasiwasi tu kutoka mbali.

Ya tairi kakosea yeye. Ya bafu umekosea wewe. Yangu mimi ni kunyamaza, na leo nimeacha kunyamaza.

Rudisha buti. Yeye ndiye aliyebandika, atabandua. Na umjibu alichokuuliza. Ukimjibu ovyo nitakuja mwenyewe huko zizini, na hao farasi wako watanitambua.

Mama


Zizini, tarehe 20 Juni

Kaka,

Nazirudisha. Sijakusamehe. Nazirudisha kwa sababu hakuna mwingine anayekubali kuzigusa.

Uliuliza lini. Ni mwaka jana, ule mwezi niliowaandikia habari za bafu. Nilikuwa nimevaa buti za mpira, zile za kuoshea banda, zenye meno chini kama hizi ulizonipa. Upepo ukapeperusha turubai, Mapepe akashtuka, nikaanguka upande wa kulia na mguu ukabaki kwenye kikuku. Alinizungusha uwanjani mpaka mkanda wa kikuku ukakatika. Usingekatika, barua ungeandikiwa na Bosi. Ile sheria ya soli laini ilibandikwa mlangoni baada ya hapo. Iliwekwa kwa ajili yangu, na kila asubuhi naipita na toroli.

Haya, umejua. Na mimi najua ambavyo ungefanya. Ungepanda basi la kwanza, ungenibeba na mifuko yangu, ungeniweka kibandani kuandika risiti za pancha mpaka nizeeke. Ungefanya kwa upendo, na ndiyo hiyo inayoniudhi, kwa sababu mtu wa chuki ningemfukuza. Mimi sikutaka kubebwa. Nikaandika bafu. Kesho ikitokea tena nitaandika jiko.

Sikiliza vipimo. Humu nimeweka uzi wenye mafundo mawili, huo ndio upana wa kikuku changu kwa ndani. Buti ikiwa katikati, nafasi ya kidole ibaki kila upande. Toa mpira wote. Usibakize "kidogo kwa usalama", nakujua wewe. Usitumie moto. Usiziache juani. Vumbi la kusaga lifute kwanza ndipo upake mafuta, ukipaka juu ya vumbi utaikwaruza ngozi.

Majaribio ni Jumamosi ya mwisho. Zikichelewa, usinitafute.

Mdogo wako


Kibandani, tarehe 24 Juni

Korongo,

Nimekunja nondo kwa kufuata uzi wako, nikaifunga kwa mkanda wa mizigo kwenye boriti ninapotundika tyubu. Sikukuamini. Nilitaka kukuandikia kwamba nimejaribu na buti inatoka, ili uone aibu. Nikaiingiza kama ilivyokuwa, na meno yake, nikatia mkono wangu ndani mpaka kwenye kiwiko, nikavuta upande, kama mtu aliyeanguka.

Haikutoka. Nikavuta kwa mikono miwili. Boriti ikalia, vumbi la paa likanimwagikia, buti haikutoka. Nilipoiachia ikabaki inaning'inia pale, soli imekibana chuma, shingo inatazama chini. Nikaona kichwa chako kinapita kwenye mchanga. Nikakaa juu ya tairi la lori nikalia. Dereva wa lori alikuwepo, akajifanya anapokea simu.

Nilipomaliza kulia hasira ikarudi, na bado iko hapa, kwa hiyo usidhani barua hii ni ya kubembelezana. Kuna wateja wananiletea gurudumu, nawauliza limetoboka wapi, wananidanganya kwa sababu wanaona aibu kusema walipita pabaya. Naziba pale waliposema. Upepo unatoka palepale ulipokuwa unatoka, halafu wanarudi kunitukana mimi. Wewe ni mmoja wao. Uliniambia bafu, nikaziba bafu. Nilikuwekea kwa mikono yangu kile kilekile kilichokaribia kukuua, nikakitumia gundi bora, nikakipeleka stendi nikiwa napiga mluzi! Je, kama ungevaa bila kutazama? Kama ungekuwa na haraka siku hiyo? Ningeishi vipi mimi? Mama angenitazama vipi kila siku mezani? Uliwahi kufikiria hilo ulipokuwa unatunga habari za sabuni?

Nimesaga mpira wote. Katika kazi yangu sijawahi kutengeneza kipara kwa makusudi, na mkono ulikuwa unakataa, nikawa nausukuma. Nimesaga mpaka ngozi ya asili ikaonekana, nikapitisha msasa mwembamba, nikafuta vumbi, ndipo nikapaka mafuta. Nimejaribu tena kwenye nondo. Inatoka kabla sijaanza kuvuta. Nimejaribu mpaka wateja wakaondoka.

Ile ngozi ya pembeni niliyoikausha sina dawa yake. Nimeipaka mafuta kila nilipopata nafasi, imelainika kidogo. Hilo ni langu, nimelipokea.

Na ni kweli, ningepanda basi la kwanza. Ningekubeba. Hata sasa nataka kuja kukubeba, ila Mama ameficha viatu vyangu na hasemi alikoviweka.

Ukianguka, niandikie umeanguka. Usiniandikie bafu.

Kaka yako


Zizini, tarehe 2 Julai

Kaka,

Nimeanguka.

Nimeanguka kutoka juu ya farasi, siku ya majaribio, mbele ya Bosi, mbele ya Mjivuni na mbele ya wazazi wa wanafunzi waliokuja kutazama. Tulikuwa tumekwenda vizuri uwanja mzima. Mapepe alikuwa ananisikiliza, mguu wangu ukimgusa kidogo tu anaelewa. Tukafika kwenye kizuizi cha mwisho, akaghairi, akasimama. Mimi sikusimama. Nilipita juu ya sikio lake, na nilikuwa bado hewani nilipousikia mguu wa kulia ukitoka kwenye kikuku. Ulitoka hivihivi, Kaka, bila mimi kufanya lolote. Nikatua kwenye mchanga na buti zangu zote mbili. Yeye akashtuka, akaondoka mbio peke yake. Nikabaki nimelala namtazama akizunguka uwanja ule ule, kikuku kinapigapiga ubavuni kwake hakina mtu.

Nikaanza kucheka. Wakadhani nimeumia kichwa.

Nilimkamata, nikapanda tena, tukakiruka kile kizuizi. Haikusaidia. Nafasi kapewa Mjivuni. Bosi anasema mwalimu akianguka mbele ya wazazi, wazazi wanaondoka na watoto wao. Nina hasira mpaka taya zinauma. Nimezoa mavi ya leo kwa nguvu mpaka mpini wa koleo umevunjika. Mjivuni kaja kunipa pole huku anapangusa buti zake za kahawia, nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu barua hii itafunguliwa na mtu tunayemjua. (Shikamoo, Mama.) Majaribio mengine ni mwakani. Nitakuwepo, na atainua kofia vizuri siku hiyo.

Mtulinga ni mzima. Mikono mizima. Nina bonge la jeraha la ndani kwenye nyonga, limekuwa rangi ya bilinganya, nikikaa linauma, nikilala upande huo linauma zaidi. Nakueleza kwa sababu umetaka kuelezwa. Ukipanda basi nitajificha kwenye nyasi za farasi na hutaniona.

Na ngozi ya pembeni bado imekakamaa pale ulipoipika. Hilo sijalisahau.

Nilivyotua, mshono wa kisigino cha kulia umeachia tena. Fundi viatu wa hapa kauona, anasema ni kazi ndogo, nimwachie asubuhi nichukue mchana. Nimemshukuru. Kifurushi kinapanda basi leo, kinakuja kwako.

Mshono tu, Kaka.

Korongo